Mwanangu anataka projekta, mimi nataka TV: nani yuko sahihi?

"Shikamoo fundi. TV yetu ya inchi 43 iliungua mwezi uliopita, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo. Nimetenga milioni mbili na nusu kununua nyingine na nimeshaona ya inchi 65. Mwanangu aliye chuo anasema nisipoteze pesa, kuna projekta mtandaoni ya laki tatu, imeandikwa lumeni 9,800 na 4K, inatoa picha ya inchi 200 ukutani. Tena anasema haiumizi macho ya watoto kama TV. Tuko Tanga, sebule ni mita nne kwa nne na nusu, madirisha mawili makubwa yanatazama magharibi, ukuta tumepaka rangi ya mafuta ya krimu, darini kuna pangaboi. Mchana wadogo wanaangalia katuni, jioni baba yao mpira, kuanzia saa moja ni tamthilia na taarifa ya habari. Usiku wa Jumamosi tunaangalia filamu wote pamoja. Nimsikilize kijana au niende dukani?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuunguliwa. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu chini yake kuna swali jingine ambalo hukulitamka. Unaogopa kutoa milioni mbili na nusu, halafu kesho kijana akuoneshe kwa jirani picha kubwa mara tatu iliyonunuliwa kwa laki tatu. Hofu hiyo naijua. Nimefunga projekta kwenye kumbi, madarasa, nyumba za ibada na sebule za watu kwa miaka mingi, na nusu ya wateja hunijia tangazo kama hilo likiwa tayari kwenye simu zao.

Kwa sebule uliyoieleza na kwa ratiba yenu, nunua TV. Kile cha laki tatu kiacheni huko huko kilipo. Lakini kijana wako hajakosea kila kitu. Zipo saa chache za wiki ambazo yeye ndiye yuko sahihi, na nitazifikia.

Kwanza nikueleze jambo ambalo dukani hawalisemi: projekta haina rangi nyeusi. Kazi yake ni kuongeza mwanga ukutani, na mwanga uliokwisha kuwepo haiwezi kuuondoa. Weusi unaouona kwenye picha ya projekta ni ukuta wenyewe, pale ambapo projekta haikumulika. Kwa hiyo leo saa kumi alasiri, kabla hujanunua chochote, kaa kwenye kochi utazame ule ukuta. Ukrimu unaouona ndio utakaokuwa weusi wako. Nywele za mwigizaji, buibui la mama mkwe kwenye tamthilia, usiku wa manane kwenye filamu, vyote vitakuwa na rangi hiyo hiyo ya krimu. TV ni tofauti kwa sababu kioo chake ukikizima ni cheusi tayari, kinaumeza mwanga mwingi wa chumba. Kitakuudhi kwa mng'ao, utaliona dirisha lako limejichora humo, lakini weusi utabaki kuwa weusi.

Tuliweke hili kwenye hesabu, maana kijana wa chuo atataka hesabu. Mwanga unaotoka kwenye projekta hupimwa kwa lumeni. Lumeni moja ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba, ukuta unapata luksi moja. Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125, yaani mita za mraba 2.76. Chukua projekta nzuri ya nyumbani inayotoa lumeni 2,000 za kweli, gawanya kwa 2.76, ukuta unapata luksi 725 hivi. Ni mwanga mwingi. Kumbi za sinema duniani hulenga mwangaza ambao kwenye ukuta mweupe usiong'aa ni sawa na luksi 150 tu, na watu hutoka humo wameridhika.

Ila sinema ni giza. Sebule yenye madirisha makubwa mchana inaweza kuwa na luksi 300 ukutani bila hata jua kuingia moja kwa moja. Sasa jumlisha: sehemu nyeupe ya picha inapata 725 na 300, jumla 1,025, sehemu nyeusi inabaki na zile 300. Nyeupe inaishinda nyeusi mara tatu na kidogo tu. Picha itaonekana, lakini imepauka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Usiku, mkiwa na taa moja ya pembeni inayotupa luksi 50 ukutani, tofauti inapanda hadi mara kumi na tano. Zimeni taa zote, inafika mamia. Projekta ni ile ile, ukuta ni ule ule, kilichobadilika ni chumba. Ndiyo maana mteja akiniuliza "projekta gani nzuri?" huwa namuuliza saa ngapi anaangalia.

Rudi kwenye ratiba yako mwenyewe. Katuni ni mchana. Mpira wa Uingereza, mechi za Jumamosi zinazoanza saa tisa alasiri kwao, kwetu ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili wakirudisha saa zao nyuma. Za ligi yetu nyingine huanza saa kumi. Tanga jua huzama baada ya saa kumi na mbili na robo, na madirisha yako yanatazama magharibi, kwa hiyo dakika zile mume wako anapotaka kujua nani kafunga ndizo jua linapoingia sebuleni kama mgeni asiyebisha hodi. Tamthilia na habari ni usiku, ila najua nyumba zetu zilivyo: saa mbili usiku mtu anakula, mwingine anafanya homuweki, mwingine anapiga pasi. Hakuna atakayekubali taa zizimwe kwa ajili ya taarifa ya habari. Kinachobaki kwa projekta ni filamu ya Jumamosi, na zile mechi za Ulaya za saa nne au saa tano usiku, watoto wakiwa wamelala.

Utaniambia, si nifunge mapazia mazito? Mtu wa Ulaya angejibiwa ndiyo. Wewe uko pwani. Funga madirisha na mapazia mazito mwezi wa pili saa tisa alasiri, kisha ukae humo na watoto watatu uone. Pazia linalozuia mwanga linazuia na upepo. Mtawasha pangaboi, na hapo tumefika kwenye kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilimfungia mtu projekta darini, nikaipanga vizuri, picha ikakaa kama imechorwa, nikalipwa. Usiku akanipigia simu: "Fundi, picha inapepesa." Nilikuwa nimeijaribu feni ikiwa imezimwa. Ilipowashwa, mapanga yake yalikuwa yanakata mwanga kila yanapopita. Nilirudi siku ya pili nikashusha kila kitu, na fundi jipsamu aliyekuja kuziba matundu nilimlipa mimi.

Kwako hilo lingetokea bila shaka, na sababu yake ni umbali. Kila projekta ina uwiano wake kati ya umbali wake hadi ukutani na upana wa picha. Nyingi za nyumbani zinacheza kwenye 1.2 hadi 1.5. Kwa uwiano wa 1.3, picha yenye upana wa sentimita 221 inataka projekta iwe mita 2.9 kutoka ukutani. Sebule yako ina mita nne na nusu. Maana yake projekta haikai ukuta wa nyuma, inaning'inia ndani ya chumba, hatua moja tu kutoka katikati, jirani na pangaboi. Au inakaa juu ya meza ya kahawa, na kila anayekwenda jikoni anapita kwenye mpira akiwa na kivuli cha jitu.

Sasa hizo inchi 200 za kwenye tangazo. Picha ya inchi 200 ina upana wa mita 4.4 na kimo cha mita mbili na nusu. Ukuta wako wa mita nne hauitoshi, na kwa uwiano ule ule mngehitaji chumba cha karibu mita sita kwenda nyuma. Projekta ingelazimika kukaa uani.

Lumeni 9,800 ndiyo hadithi ya pili. Kipimo cha kuaminika ni kile kinachoitwa ANSI, au ISO kwenye maboksi mapya: wanaonesha picha nyeupe, wanapima mwanga kwenye sehemu tisa za picha, wanatafuta wastani. Watengenezaji wa vile vya bei ndogo huandika namba nyingine. Mmoja ataandika mwanga wa taa yenyewe kabla haujapita kwenye kioo cha ndani, mwingine ataandika luksi zilizopimwa karibu na lenzi, wa tatu atabuni tu. Mtego wa kuwakamatia uko nyuma ya kifaa, pale palipoandikwa wati. Bulbu ya kawaida ya LED ya wati 9 hutoa lumeni kama 800. Kifaa kizima kikila wati 70, pamoja na feni na spika zake, hata mwanga wote wa taa yake ungefika ukutani usingefika lumeni 9,800. Na haufiki wote, kwa sababu kioo kidogo cha LCD kilichomo ndani humeza sehemu kubwa. Vingi vya aina hiyo vikipimwa kwa haki hutoa lumeni mia na hamsini, mia mbili, vizuri kidogo mia tatu.

Chukua mia mbili, tandaza kwenye inchi 100: luksi 72. Mchana kwenye sebule yako nyeupe ingekuwa 372 na nyeusi 300. Mngekaa mnabishana kama kimewaka. Gizani kabisa, kwa picha ya inchi 60 hivi, kinaonesha katuni vizuri na watoto watafurahi. Sikidharau kwa kazi hiyo. Ila kisiuzwe kama mbadala wa TV.

Kuhusu 4K, angalieni neno lililoandikwa kando yake. "Inakubali 4K" maana yake kifaa kikiletewa picha ya 4K hakitakataa kuipokea. Kitaipokea, kitaipunguza hadi saizi ya kioo chake, kisha kiioneshe. Kioo chake mara nyingi ni pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, 1280 kwa 720, na vya chini zaidi ni 800 kwa 480. Picha ya 4K ni 3840 kwa 2160, pikseli zaidi ya milioni nane, mara tisa ya ile 1280 kwa 720. Ni sawa na kumiminiwa ndoo tisa za maji kwenye ndoo moja: ndoo imezikubali, lakini umebaki na ndoo moja. Unachopaswa kuuliza ni pikseli halisi za kifaa. Kwa sinema ya nyumbani usishuke chini ya 1920 kwa 1080.

Macho ya watoto. Hapa niwe mwangalifu, mimi si daktari. Watu husema mwanga wa projekta ni salama kwa kuwa umegonga ukuta kwanza. Ukishafika jichoni, mwanga ni mwanga, ukuta hauusafishi. Kinachochosha macho ni kukaa karibu mno, kutazama saa nyingi bila kupumzika, na kioo kikali ndani ya chumba cheusi tii. Picha kubwa ina uzuri wake kwa sababu mtoto hukaa mbali bila kulazimishwa, na hilo nampa kijana wako alama. Lakini projekta ina hatari ambayo TV haina: mtoto kuchungulia lenzi. Zile zenye nguvu, hasa za leza zinazokaa chini karibu na ukuta, mwanga wake ni mkali na mtoto wa miaka mitatu anaufikia bila kiti. Na kama kuna mwanao anayesogelea TV kila mara au anakunja macho kusoma mbali, hilo halitatuliwi na kifaa chochote cha kutazamia. Mpelekeni kliniki ya macho akapimwe.

Rangi ya ukuta nayo ina neno. Rangi ya mafuta inang'aa. Ukiimulika, katikati ya picha patatokea doa la mng'ao kama taa ya pikipiki kwenye maji, na anayekaa kushoto ataliona mahali tofauti na anayekaa kulia. Mngehitaji kupaka sehemu hiyo rangi nyeupe isiyong'aa, au kununua kitambaa cha projekta. Krimu nayo hufanya nyuso za watu zielekee umanjano. Hilo linarekebishika kwenye mipangilio ya rangi, lile doa halirekebishiki.

Halafu kuna gharama ambazo tangazo halizitaji. TV inakuja na spika, mbovu au nzuri, lakini zipo mbele yako. Projekta ikining'inia nyuma ya kichwa, mtangazaji wa mpira anasikika kutoka darini huku mchezaji yuko mbele. Utahitaji sabufa au spika ndefu ya chini ya picha, na waya wa kuifikia. King'amuzi chako kiko mbele, projekta iko juu: waya mrefu wa HDMI upite darini, na hapo usinunue ule wa bei ya chini kabisa, ukizidi mita kumi picha huanza kukatika. Ongeza stendi ya dari, fundi, kitambaa au rangi, mapazia. Sijawahi kuona kazi hiyo yote ikifanyika vizuri ikabaki bei ya projekta peke yake.

Taa ya ndani ndiyo gharama inayokuja polepole. Projekta za taa ya zebaki, ambazo bado ni nyingi sokoni, hudumu saa 3,000 hadi 5,000 kisha mwanga unashuka hadi nusu. Hesabu yenu ni katuni saa tatu, mpira mawili, tamthilia na habari matatu, jumla saa nane kwa siku. Kwa mwaka ni saa 2,920. Taa ya saa 4,000 mngeimaliza kwa mwaka mmoja na miezi minne hivi, na taa halisi ya kubadilisha si kitu unachokikuta kila duka. Za bandia zipo nyingi na hufifia haraka. Za LED na leza huandikwa saa 20,000 au zaidi, hiyo kwenu ni karibu miaka saba. Za leza ndizo ningezipendekeza kwa nyumba inayowasha kila siku, tatizo bei yake haimo kwenye bajeti yako. Upande wa umeme, projekta ya taa hula wati 300 hivi, TV ya inchi 65 wastani wa 150. Kwa saa nane ni uniti 2.4 za LUKU dhidi ya 1.2. Si pesa ya kukukosesha usingizi, lakini ni mara mbili.

Na umeme wa kukatika? Taa ya zebaki inawaka kwa joto kali, na feni huendelea kuzunguka dakika moja au mbili baada ya kuizima ili ipoe. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama na joto linabaki ndani. Mara moja si kitu, mara kwa mara taa inafupishiwa maisha. Ndiyo maana mwenye projekta ya taa namshauri awe na UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, si ya kumalizia filamu, ya kuipoza tu. Pwani ongeza chumvi ya hewani, vumbi linaloziba kichujio na sisimizi wanaopenda joto. Nimewahi kufungua projekta moja nikamkuta mjusi kafiri amekauka juu ya bodi, alikuwa ameunganisha sehemu mbili ambazo hazikutakiwa kukutana.

Sasa njia zilizopo mbele yako, kwa jinsi ninavyoziona.

Ile TV ya inchi 65 ni upana wa sentimita 144. Kwenye kochi lililo mita mbili na nusu hadi tatu kutoka ukutani, hiyo ni picha kubwa ya kutosha. Kutoka inchi 43 utaona kama umehamia nyumba nyingine. Usitumie milioni mbili na nusu yote kwenye kioo. Bakiza ya kinga ya umeme, ile inayosubiri dakika kadhaa umeme ukirudi kabla ya kuuruhusu uingie, na kama pesa inatosha, spika. Iwekeni ukuta usiotazamana na madirisha, mng'ao upungue.

Njia ya pili ni projekta ya maana yenye pikseli 1920 kwa 1080 na lumeni 2,000 au 3,000 za ANSI. Kwa Jumamosi usiku hakuna TV ya bei yako itakayoifikia: picha ya inchi 100 ina eneo mara mbili na theluthi ya inchi 65, na watoto wakikaa mkekani na taa zimezimwa, hiyo ni sinema. Hapo ndipo kijana wako yuko sahihi kabisa. Ila itakuwa ya pili, baada ya TV, siyo badala yake.

Wengine hunitajia zile za leza zinazokaa sentimita ishirini au thelathini kutoka ukutani. Zinaondoa tatizo la pangaboi na la vivuli. Lakini mwanga wake unapanda ukutani kwa mshazari mkali, kila nundu ya lipu inatupa kivuli, na ukuta uliouona umenyooka miaka yote unageuka mawimbi ya bahari. Lazima ununue kioo chake maalumu, kigumu, kinachokataa mwanga wa darini, na ukijumlisha vyote umeshapita bei ya TV ya inchi 75.

Ipo njia ya nne ambayo naipenda kwa kijana mwenye pesa kidogo: projekta ya ofisi iliyotumika. Hizi za vioo vitatu vya LCD, lumeni 3,000 za kweli, zinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya mitumba, na hata ikiwa kuukuu itakizidi mbali kile kipya cha laki tatu. Pikseli zake mara nyingi ni 1024 kwa 768, umbo linalokaribia mraba kuliko filamu za leo, na feni yake inavuma. Kabla ya kulipa, ingia kwenye menyu usome saa za taa. Omba uoneshwe picha nyeupe tupu: ukiona wingu la njano au zambarau upande mmoja, vichujio vya ndani vimeungua, achana nayo. Kwa zile za vioo vidogo vinavyocheza, DLP, tafuta vidoti vyeupe kama nyota visivyozimika; vikianza huongezeka. Na aina hiyo ina jambo jingine: baadhi ya watu wakigeuza macho haraka huona mistari ya rangi nyekundu, kijani na bluu. Si ugonjwa, ni gurudumu la rangi lililomo ndani. Wengi hawaoni, anayeona kichwa humuuma. Jaribu na familia yote.

Kabla ya yote hayo, dada, kuna fundi mmoja unamhitaji nyumbani na siyo mimi. Umeme uliounguza TV ya inchi 43 utaunguza na ya 65. Ita fundi umeme mwenye leseni akague ethi, ule waya unaoingia ardhini, na akague nyutro, waya unaorudisha umeme, kama umelegea kwenye mita au kwenye bodi, kwa sababu nyutro ikilegea volti huruka na kifaa cha kwanza kufa huwa cha gharama. Uliza na majirani: kama waliunguliwa siku ile ile, tatizo liko nje ya nyumba yako, toeni taarifa pamoja. Taa zikipepesa, soketi ikiwa ya moto au ukisikia harufu ya plastiki, usingoje kununua chochote. Zima swichi kubwa aje siku hiyo hiyo.

Kwa kijana, mpe kazi. Apakue programu ya kupima mwanga kwenye simu, aibandike simu ukutani pale picha itakapokaa, kioo kikitazama chumba, aandike luksi mara tatu: saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, saa mbili usiku taa zenu za kawaida zikiwa zimewaka. Vipimo vya simu si vya maabara lakini vinatosha. Saa kumi na moja mapazia yakiwa yamefungwa ikiwa chini ya luksi 50, nitabadilisha sehemu ya maneno yangu. Kisha Ijumaa mkodishe projekta kwa siku moja kutoka kwa wanaofunga vyombo kwenye sherehe, ya lumeni 3,000, muiwashe hapo sebuleni kuanzia mpira wa jioni hadi filamu ya usiku. Ni pesa kidogo kuliko kosa. Na muijaribu pangaboi likiwa limewashwa.